Hewani Hakuna Shikamoo

Watu wanastaafu wakiwa na mvi. Mimi nimestaafu nikiwa nanyonyesha. Kama neno hilo linawaudhi wakubwa wa chama cha marubani, watafute lao. Nimeacha kazi, sirudi, na yeyote atakayekalia kile kiti baada yangu anastahili kujua anakalia nini. Nawaandikia ninyi, wadogo zangu mtakaoajiriwa kwenye redio ya kile kiwanja cha ndege, na wengine popote penye njia ya majani na ndege ndogo za watu binafsi.

Mshahara siusemi. Vyeo havikuwepo. Kilikuwepo kiti kimoja, na mguu wake mmoja ulifungwa waya.

Kiwanja kiko tambarare, chini ya ukuta wa magharibi wa milima yetu. Ukisimama Mtae ukachungulia chini, ndege inayotua kwetu unaiona mgongo. Hakuna mnara, hakuna rada. Kuna banda la bati, mlingoti wenye antena, soksi ya kuonyesha upepo iliyochanika, redio, na mtu mmoja anayesikiliza. Ndege zenyewe ni za kubeba watu wawili, watatu, wanne wakibanana. Za wenye mashamba, za madaktari wa misheni, za watu wenye hela wanaopenda kuitazama milima wakiwa juu kwa sababu barabara ya Mtae inawaumiza kiuno. Hakuna anayewaongoza. Kila rubani anasema hewani yuko wapi, yuko juu kiasi gani, anaelekea wapi. Wenzake wanasikia, wanakwepana. Basi. Uhai wao wote umekaa ndani ya sentensi hiyo moja fupi, na sentensi hiyo haina njia nyingine ya kupita isipokuwa masafa yale yale wanayotumia wote.

Niliteremka kutoka Mlola nikiwa na cheti cha kidato cha nne na begi la shule. Nilikuwa nimechoka kuuza karoti za mama kwenye gulio. Aliyenipokea bandani ni Mama Hoza, mwanamke mnene, mkali, aliyefanya kazi ya kuunganisha simu zamani, enzi za kuchomeka waya kwa mkono. Nikaingia, nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo ndiyo ya mwisho humu ndani."

Nilidhani nimemkosea. Akanivuta hadi kwenye redio, akaniwekea kidole juu ya kitufe.

"Ukibonyeza hapa, unaongea. Ukiwa unaongea, husikii. Na wakibonyeza wawili kwa pamoja, hasikiki hata mmoja, unasikia mlio tu, kama mafuta ya moto yameingia maji. Umeelewa?"

"Nimeelewa mama."

"Haya. Salamu za kwenu Mlola zina urefu gani?"

"Inategemea, mama. Kama watu wanafahamiana..."

"Wakifahamiana?"

"Mpaka mbuzi waulizwe."

"Basi mtu atakufa huku mbuzi wanajuliwa hali. Hapa mtu anataja yuko wapi kisha anaachia kitufe. Shikamoo utampa akishuka, na maji ya kunywa juu."

Kwa sheria lugha ya hewani ni Kiingereza, kwa mazoea ni Kiswahili, na mtu akiogopa sana ni Kishambaa. Hayo nilijifunza baadaye. Wiki za kwanza nilijifunza kunyamaza. Mnacheka, lakini jaribuni. Sauti ya mtu mzima, rika la baba yako, inaingia redioni, na wewe unamjibu upepo unatoka wapi na nani mwingine yuko karibu, bila hata neno la heshima mbele. Nilikuwa natoka jasho. Nyumbani ningepigwa.

Kifaa kikubwa cha Mama Hoza hakikuwa redio, kilikuwa ungo. Ungo wa kupepetea, alioupaka chokaa akachora ukuta wa mlima kwa mkaa, na kiwanja, na reli, na barabara kuu. Ndege ikijitaja hewani, anaweka harage. Jekundu kwa anayekwenda kaskazini, jeupe kwa anayeshuka kusini. Ikisema imesogea, harage linasogea. Halitoki kwenye ungo mpaka rubani aseme amezima injini au ametoka kwenye eneo letu. Wageni walikuwa wanaucheka ule ungo. Mimi mwenyewe niliucheka hadi siku nilipoona maharage mawili yanafuatana kuingia mahali pamoja.

Hiyo ndiyo kesi yangu ya kwanza ngumu. Ukungu ulikuwa umekaa mlimani asubuhi nzima, marubani wote wamesubiri, na ulipofunguka wakaruka wote kwa mpigo, kama watoto wakisikia kengele. Daktari mmoja alikuwa anatua. Mwenye shamba mmoja naye anatua. Kila mmoja amejitaja vizuri, kila mmoja anadhani mwenzake yuko mbele zaidi. Mama Hoza alikuwa ametoka kuchota maji. Nikatazama ungo, nikabonyeza.

"Ninyi wawili mko mahali pamoja, urefu mmoja."

Daktari akasema, taratibu kabisa, "Napanda." Na mwenzake, "Nimemwona. Yuko juu ya kichwa changu." Waliposhuka walikuja kunywa chai bandani, na daktari, mtu wa kushona matumbo ya watu, alishika kikombe kwa mikono miwili na bado chai ikamwagika.  Mama Hoza akaja na ndoo, akawatazama, akasema, "Leo chai ina sukari ya bure."

Mlichonacho pale si amri. Usimwambie rubani geuka, panda, shuka, kana kwamba wewe ni mwongozaji mwenye leseni. Unamwambia unachokijua: nani yuko wapi. Yeye ana macho na ana usukani.

Jambo la pili la kujua ni desturi ya ukuta. Marubani wenyewe walikubaliana, hakuna aliyewaandikia. Anayekwenda kaskazini anaubana mlima, ukuta uko kuliani kwake. Anayeshuka kusini anakaa nje, juu ya tambarare. Hivyo hata wasiposikiana hawakutani uso kwa uso. Anayetaka kuivunja, labda ana mgeni anayetaka kuyaona magenge ya Mtae, yale majabali, kwa karibu, anatangaza kwanza. Anaruhusiwa. Cha lazima ni asikike.

Mama Hoza alipoondoka aliniachia ungo na kiti. Nikabaki peke yangu.

Sasa Edwin. Alikuwa kijana wa Bungu, kitinda mimba wa mama mjane, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri. Alianza kwa kuosha ndege za wakubwa pale kiwanjani, na mmoja wao, Mzee Benjamini, akampenda, akamfundisha kurusha, akamsaidia mpaka akapata leseni. Nasema hili mapema ili msidhani Mzee Benjamini ni shetani. Alimtendea Edwin wema mkubwa. Ndiyo shida yenyewe.

Edwin alirusha ndege ya mwenye shamba mmoja. Hewani alikuwa safi: jina, mahali, urefu, anakokwenda, ameachia. Chini ndiyo alikuwa na maneno. Mimba yangu ilipoonekana akawa ananiita Mama Kijacho.

"Mama Kijacho, huyo mtoto akizaliwa atalia au atataja upepo?"

"Atakutaja wewe, kwamba umeegesha ndege vibaya."

"Akiwa wa kiume umpe jina langu."

"Nimpe jina la Mlutheri, mume wangu anifukuze?"

Imrani wangu alipozaliwa, Edwin alikuja na peasi begi zima kutoka kwao, akaniambia mama yake amesema mzazi ale matunda. Nilirudi kazini mapema, mtoto mgongoni. Niliomba mwenzangu wa kupokezana, walau nipate kunyonyesha bila sikio moja kuwa redioni. Kamati ya chama ikasema watafikiria. Bado wanafikiria.

Mzee Benjamini alikuwa na ndege yake na mvi zake, na hakuna rubani pale ambaye hakuwahi kuguswa bega na yeye. Wote walimwita Mwalimu. Na Mwalimu alitaka kusalimiwa. Akiingia hewani, akisikia sauti ya kijana haijamwamkia, anaitafuta.

"Nani huyo yuko huko? Edwin? Mbona kimya? Siku hizi hatusalimiani?"

Hapo Edwin afanyeje? Mtu aliyemtoa kwenye ndoo ya sabuni, anamuuliza mbele ya masikio ya marubani wote kwa nini hana adabu. Anajibu. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Mahindi ya Bungu yanasemaje?" Na kitufe kimebonyezwa muda wote huo.

Nilimfuata chini ya bawa la ndege yake siku moja. Nilimwamkia kwanza, vizuri kabisa, kisha nikamwambia.

"Mzee, naomba salamu tuzifanye huku chini. Hewani zinafunika wenzenu."

Akacheka. Hakukasirika, alicheka. "Binti, umelelewa wapi? Adabu haijawahi kuangusha ndege."

Nikapeleka kwenye kamati. Nilitaka kitu kimoja tu: itangazwe kwamba hewani hakuna salamu, kwa mkubwa wala mdogo. Mwenyekiti alinitazama kama niliyetapika mezani. "Mama Imrani, nani atamwambia Mzee hivyo?" Nikasema mimi nimeshamwambia. "Basi umeshamwambia," akasema, na wakaenda kwenye ajenda ya kukata majani.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya ukungu, ukafunguka vipande vipande, magenge yanaonekana na kupotea. Edwin aliruka kwenda kaskazini, peke yake. Akajitaja, anaubana mlima, kama desturi. Nikaweka harage jekundu. Kutoka kaskazini walikuwa wanakuja mume na mke, wageni wa upande wa Arusha, niliwahi kuwasikia mara chache. Walishajitaja mbali, wanakaa nje juu ya tambarare. Harage jeupe. Yalikuwa yanapishana vizuri kabisa kwenye ungo wangu.

Ndipo Mzee Benjamini akaingia hewani akitokea Tanga. Yuko mbali, hana hatari na mtu.

"Edwin, ni wewe huyo? Leo tena umenipita kimya?"

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Eeh, mama amepona mguu?"

"Anaendelea vizuri Mwalimu, anawasalimu..."

Na hapo nikasikia ule mlio. Mafuta na maji. Mtu wa tatu alikuwa amebonyeza chini ya salamu. Nikabonyeza na mimi, "Nyamazeni, kuna ndege imefunikwa," lakini Mzee alikuwa tayari ameanza tena, anauliza habari za kwaya, na mimi nikawa sehemu ya mlio. Alipoachia, nilisikia mwisho wa sentensi ya yule mume. Sauti yake ilikuwa na furaha. "...tunaubana mlima kidogo, mke wangu anataka kupiga picha."

"Edwin, mbele yako kuna ndege inashuka, imebana mlima. Edwin, umenisikia?"

Hakujibu. Yule mume hakujibu. Nikarudia. Nikarudia. Mzee Benjamini akasema, "Bondeni, kuna nini?" Bondeni ndilo jina letu la redioni. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nasikiliza.

Watu wa Mtae waliona. Mimi sikuona, na sitaandika walichonieleza. Walishuka gengeni kwa kamba na mapanga, wakaipandisha miili yote mitatu kwa machela, kwa heshima, wakati wakubwa wa chama bado wanatafuta gari lenye magurudumu ya kuweza ile barabara. Nawashukuru hapa, kwa kuwa sikusikia mtu mwingine akiwashukuru.

Imrani alilia mgongoni mchana wote. Mpaka leo sijui kama nilimnyonyesha siku ile.

Wachunguzi wa serikali walikuja, niliwaeleza nilichosikia, na kazi yao nawaachia wenyewe. Ninachokiandika ni kikao cha chama. Mzee Benjamini alikuwa amekonda. Alilia, sisemi hakulia. Halafu akafuta macho na kusema, "Vijana wetu wanaongea sana hewani. Edwin alikuwa na maneno." Na watu wazima wakatikisa vichwa kumkubali.

Nilisimama. Nikasema, "Mzee, ni wewe uliye..." Mwenyekiti akanikata. "Mama Imrani, mtoto anasumbua kikao. Mpeleke nje." Mtoto alikuwa amelala. Amelala fofofo, mdomo wazi, begani kwangu, kila mtu anamwona.

Niliweka ufunguo wa banda juu ya meza yao, nikatoka. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hapakuwa na keki.

Ningeweza kuishia hapo, lakini maneno yana miguu. Yalifika Bungu kabla yangu: Edwin alikuwa anapiga soga angani, ameua mume na mke wa watu. Nilipofika kwao, mama yake alikuwa nje anapukuchua maharage. Nikamwamkia, akaitika, akampakata Imrani bila kuuliza ni wa nani. Akaniambia wenzake Edwin wa kwaya wanakuja bado, lakini wakija hawamtaji.

"Wewe ndiye ulikuwa unaongea naye," akasema. "Niambie. Mwanangu alikuwa anapiga soga?"

"Hapana mama."

"Alikuwa anasema nini?"

Njia nzima kutoka kituoni nilikuwa nimepanga uongo mzuri. Uongo ule ulinishinda kutoka. Nikamwambia: alikuwa anamwamkia Mwalimu wake, kwa sababu Mwalimu alimuuliza mbona hajaamkiwa, na alikuwa anamwambia mguu wako unaendelea vizuri.

Akalivuta gunia karibu. Mikono ikaendelea na maharage, yenyewe tu.

"Angemnyamazia?"

"Labda wangesikiana na wale wengine. Labda, mama. Sijui."

"Nilimchapa akiwa mdogo," akasema, "kwa kumpita mchungaji bila salamu. Nilimchapa hapa hapa." Akanionyesha mahali, karibu na ngazi.  Nilibaki naye mpaka jioni, tukamaliza gunia.

Ibada ya shukrani ya kumkumbuka Edwin ilifanyika nyumbani pale, baada ya mahindi kuvunwa. Mzee Benjamini alikuja. Alikuja na gari, amevaa suti, amebeba kreti za soda, na watu wakampisha njia kama kawaida yake. Mama yake Edwin alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake. Mama ni mkubwa kwa Mzee kwa miaka, Edwin alikuwa mtoto wake wa mwisho kabisa. Mzee akasogea, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo mama."

Mama akamtazama. Hakuitika.

Wanawake walimtazama mama, wakatazama chini. Mchungaji akakohoa. Mzee akadhani hakusikika, akainama zaidi. "Shikamoo, mama yangu."

"Sema kwanza mwanangu alikuwa anafanya nini," akasema mama. Hakupandisha sauti. "Wenzangu hawa wanasikia habari zake sokoni. Wewe ulikuwepo. Sema."

Mzee alisimama na kofia yake mkononi. Nilidhani atageuka aondoke. 

"Alikuwa ananiitikia mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemwita. Alikuwa anarusha vizuri, mimi nikamwita."

Aliyasema kwa sauti ndogo sana, akiangalia mkeka. Waliokaa mbele walisikia. Sisi wa nyuma, na wale vijana waliokuwa kwenye masufuria, na marubani waliojipanga kwenye ua na miwani yao ya jua, hatukusikia kitu.

Nikampandisha Imrani begani, nikasimama.

"Mzee, rudia," nikasema. "Huku nyuma hujasikika."

Akanitazama. Akapandisha kichwa, akarudia.